Sheria Ilimfuata Ng'ombe, Sotoka Ikamfuata Nyati

Mwishoni mwa mwaka 1890 Frederick Lugard alitoka pwani kwenda Uganda akiwa na msafara wa wapagazi, na njiani akakuta nchi inanuka. Ng'ombe wa Wamaasai walikuwa wamekufa, na nyati nao walikuwa wamekufa hivyo hivyo. Miaka michache kabla yake wapita njia walisimulia nyati wa uwanda wa bara kama watu wanavyosimulia nzige, kwa wingi usiohesabika. Sasa iliyobaki ilikuwa mifupa. Lugard aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1893. Hakuwa mtu wa kuwahurumia wenyeji kupita kiasi, lakini hata yeye aliona kwamba kilichokuwa mbele yake kilikuwa kikubwa kuliko njaa ya kawaida.

Ugonjwa ulikuwa sotoka. Uliingia Afrika kupitia Massawa, bandari ya Bahari ya Shamu, mwaka 1887 au muda mfupi baadaye, pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia. Ethiopia ilikuwa ya kwanza kuteketea: maksai wa kulimia walikufa, mashamba yakabaki magugu, na njaa ya miaka ya 1888 hadi 1892 ikaua watu wasiojulikana idadi. Kutoka hapo sotoka ilishuka kusini ikifuata njia za mifugo. Mwaka 1892 Mwaustria Oscar Baumann alipoingia bonde la Ngorongoro alikuta Wamaasai waliobaki mifupa na ngozi, wamejikusanya kandokando ya kambi yake wakisubiri chochote kitakachotupwa. Wamaasai wenyewe wanakiita kipindi hicho Emutai. Tisa kati ya kila ng'ombe kumi walikufa, na ndui ilipofuata ilikuta watu wasio na maziwa wala nguvu.

Anayetaka kuelewa sheria zilizokuja baadaye lazima kwanza aujue ugonjwa wenyewe. Ng'ombe aliyeshikwa na sotoka huanza kwa homa. Siku chache baadaye macho yanatoka machozi, pua zinatoka makamasi mazito, na ndani ya mdomo, kwenye fizi na chini ya ulimi, ngozi inakufa na kubanduka vipande vipande kama pumba zilizolowa. Kisha anaharisha maji, anakauka, analala chini na hanyanyuki tena. Kirusi chake ni ndugu wa surua ya binadamu. Hakiishi ardhini, hakibebwi na mdudu, na mnyama akipona hakipati tena. Kwa hiyo ili kiendelee kuishi lazima kila siku kipate mnyama mpya ambaye hajawahi kuugua. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyokiua hatimaye, lakini kabla hayajafahamika vizuri yalipita mengi.

Ulaya ilikuwa imeshatunga sheria zake kwa sababu ya ugonjwa huu huu. Mwaka 1711 sotoka ilipoingia Italia, Papa Clement XI alimwita daktari wake, Giovanni Maria Lancisi. Hakumtaka dawa, maana dawa haikuwepo. Lancisi alipendekeza amri: wanyama wagonjwa wauawe, mizoga ifukiwe kwa chokaa, minada ifungwe, na anayevusha ng'ombe kinyume cha amri aadhibiwe vikali, hata kwa kifo. Shule ya kwanza ya udaktari wa mifugo duniani, ya Lyon, ilianzishwa mwaka 1761 na Claude Bourgelat, na hofu ya sotoka ilikuwa miongoni mwa sababu zake. Uingereza, iliyokuwa inaamini kwamba serikali haina kazi zizini mwa mtu, ilibadili msimamo mwaka 1865 meli iliyoleta ng'ombe kutoka Baltiki ilipotia nanga Hull. Ilipofika mwanzo wa 1866 Bunge lilikuwa limeshapitisha sheria ya kuua ng'ombe wagonjwa kwa lazima na kuwalipa wenyewe fidia.

Tazama mfumo huo unavyosimama. Kuna mnyama, kuna mwenye mnyama, na kuna ofisa. Ofisa anamwamuru mwenyewe, mwenyewe anatii au anashtakiwa, akitii analipwa. Yote yanamtegemea huyo wa katikati. Mtu akiondoka, amri haina pa kushikia, kwa kuwa nyati hapokei hati ya karantini.

Huko kusini mwa Afrika pengo hilo lilionekana mapema. Sotoka ilivuka Zambezi mwaka 1896, na serikali za walowezi zikaweka uzio wa senyenge wenye askari, zikapiga marufuku magari ya maksai na kuanza kupiga risasi ng'ombe wa Waafrika, wagonjwa na wazima, kwa jina la kinga. Huko Phokwani, mwisho wa mwaka huo, polisi waliua ng'ombe wa Watlhaping waliokuwa wametangatanga nje ya eneo lao. Mkuu wa hapo, Galishiwe, hakukubali, na kilichoanza kama ugomvi wa ng'ombe kikaishia kwenye vita vya Langeberg vya mwaka 1897. Robert Koch, aliyeitwa Kimberley kutafuta kinga, aligundua kwamba nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka, ikidungwa kwa mzima, humkinga. Uzio haukuzuia kitu. Wanyamapori walipita, na watu nao walipita.

Sasa tufike kwenye karatasi ambayo kwa maoni yangu inastahili kujulikana zaidi kuliko inavyojulikana. Mwaka 1896 Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji iliyotenga mapori mawili ya hifadhi, moja upande wa Rufiji na jingine magharibi ya Kilimanjaro. Sotoka ilikuwa mojawapo ya sababu zilizowafanya wakoloni waogope kwamba wanyama wakubwa wataisha. Hofu hiyo ikawakutanisha London, na tarehe 19 Mei 1900 mataifa saba yenye makoloni Afrika yakatia saini mkataba wa kuhifadhi wanyamapori, ndege na samaki wa Afrika. Mkataba wenyewe ni wa wawindaji wakubwa: unalinda twiga na tembo wachanga, na unahimiza simba, chui na fisi wapunguzwe. Lakini katikati ya vifungu hivyo kimo kimoja kinachosema hatua zichukuliwe kuzuia magonjwa ya kuambukiza yasitoke kwa mifugo yakaingia kwa wanyamapori.

Kutoka kwa mifugo kwenda kwa wanyamapori. Mwaka 1900, wakati hakuna aliyewahi kukiona kirusi cha sotoka kwa macho, wanadiplomasia walikuwa wameshauandika mwelekeo sahihi wa ugonjwa. Mkataba haukupata nchi za kutosha kuuridhia na haukuanza kutumika kamwe, na kifungu chake kikafa nao. Kwa miaka sitini iliyofuata sheria nyingi za makoloni ziliandikwa kana kwamba ugonjwa unakwenda kinyumenyume: porini ndiko ghala, nyati ndiye mwizi, na ng'ombe ndiye anayeibiwa.

Katika Kenya ya walowezi mamlaka ya magonjwa ya mifugo yalifanya kazi mbili kwa pamoja. Maboma ya Wamaasai, waliohamishwa kutoka Laikipia kwa mkataba wa mwaka 1911, yaliwekwa chini ya karantini miaka nenda miaka rudi, mara kwa sotoka, mara kwa homa ya mapafu ya ng'ombe. Sababu za kitabibu zilikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini mtu asiyeruhusiwa kuvusha ng'ombe hana soko, na asiye na soko huuza kwa bei ya aliye jirani. Mlowezi hakuhitaji kutunga sheria ya kumzuia Mmaasai asishindane naye sokoni. Idara ya mifugo ilikuwa imeshaitunga. Kabete, kwenye maabara iliyojengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, chanjo ya wakati huo ilikuwa ya kudunga mara mbili: upande mmoja damu yenye kirusi hai, upande mwingine maji ya damu ya ng'ombe aliyewahi kupona, yenye kingamwili. Vipimo vikikosewa ng'ombe aliugua kweli, na baadhi walikufa kwa sindano yenyewe. Wafugaji waliokimbiza mifugo yao waliandikwa kwenye ripoti kuwa ni wakaidi.

Ulaya nayo ilikuwa inajifunza upya. Mwaka 1920 kundi la ng'ombe wa Kihindi waliokuwa wakipelekwa Brazili lilipitia bandari ya Antwerp, na sotoka ikaingia Ubelgiji. Mtikisiko wake ulizaa mkutano, mkutano ukazaa shirika la kimataifa la afya ya wanyama, lililoundwa Paris tarehe 25 Januari 1924 na nchi 28. Shirika hilo lilihusu mifugo na biashara yake.

Porini mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa sababu ya ndorobo, yaani mbung'o, inzi anayeeneza malale. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua wanyama wengi kiasi kwamba sehemu nyingine za kusini mwa Afrika mbung'o walikosa damu ya kunyonya wakatoweka. Wataalamu wa Rhodesia ya Kusini waliliona hilo wakatoa hitimisho lao: kama tauni iliweza kumwondoa mbung'o kwa kuua wanyama, basi bunduki inaweza pia. Kuanzia mwaka 1919 serikali ililipa wawindaji kuua tandala, ngiri, nyati na wengine kwenye mikanda iliyopangwa, na kazi hiyo iliendelea kwa miongo minne. Waliouawa walifika mamia ya maelfu. Walikuwa wanyama wazima, wakiuawa kwa amri ya idara inayoshughulika na magonjwa. Uganda nayo ilifuata njia hiyo baadaye.

Tanganyika ilikwenda njia tofauti kidogo, na sababu mojawapo ni mtu mmoja. Charles Swynnerton alikuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori chini ya Waingereza, kisha mwaka 1929 akawa mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o huko Shinyanga. Alikuwa na mikono miwili serikalini, mmoja wa kuwalinda wanyama na mwingine wa kupiga vita ugonjwa wanaoubeba, na pengine ndiyo maana hakuipenda bunduki. Yeye aliamini katika kichaka. Baada ya sotoka na njaa, watu na ng'ombe walikuwa wamepungua, moto na jembe vikapungua, na msitu ukarudi palipokuwa malisho. Mbung'o waliingia na msitu. Kwa hiyo Swynnerton alizungumza na watemi wa Wasukuma, na maelfu ya watu wakatoka kufyeka kichaka kwa nguvu za pamoja. Alikufa mwaka 1938 ndege yake ilipoanguka.

Lakini malale yalipozuka Maswa mwaka 1922 na kuenea magharibi, serikali ilitumia mamlaka mengine: iliwahamisha watu wenyewe. Vijiji vilivyotawanyika porini viliamriwa kukusanyika kwenye makazi makubwa yaliyofyekwa, na nchi walikotoka ikabaki tupu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Tabora, Kigoma, na baadaye Liwale, ambako ardhi iliyoachwa iliishia kumezwa na pori la akiba la Selous. Mtalii anayepiga picha humo akidhani anaiona Afrika kabla ya binadamu anaona, kwa sehemu, matokeo ya amri ya afya.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 sotoka ilianza tena kushuka kusini ndani ya Tanganyika, na serikali za Nyasaland, Rhodesia hadi Afrika Kusini zikashikwa na hofu ya 1896. Safari hii zilichangia fedha pamoja. Uzio ulijengwa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wanyamapori wakauawa kwenye ushoroba kando yake, na kaskazini ya uzio ng'ombe wakachanjwa ili pawe na mkanda wa wanyama wasioweza kuugua. Ugonjwa haukuvuka. Sifa nyingi zilikwenda kwenye senyenge na bunduki, maana hivyo ndivyo vinavyoonekana. Mimi naona kazi kubwa ilifanywa na ule mkanda wa ng'ombe. Kirusi kilifika mahali ambapo hakikupata pa kuingia.

Chanjo ilikuwa imebadilika pia. Nchini India, Mwingereza J. T. Edwards alikipitisha kirusi kutoka mbuzi hadi mbuzi, mamia ya mara, mpaka kikapoteza ukali kwa ng'ombe, na Kabete ikatengeneza aina yake. Ilifaa kwa ng'ombe wa nundu lakini iliwalemea wale dhaifu. Aliyemaliza kazi alikuwa Walter Plowright, daktari wa mifugo aliyekuwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Kuanzia mwaka 1956 alikuza kirusi ndani ya chembechembe za figo za ndama, kwenye chupa, akakihamisha kutoka chupa moja hadi nyingine. Kilipovuka chupa ya tisini kilikuwa kimepoa kabisa. Kilimkinga ng'ombe wa kila aina maisha yake yote, na kiligharimu senti. Huo ulikuwa mwanzo wa miaka ya 1960. Mwaka 1999 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Plowright na wenzake walifanya jambo jingine ambalo kwa historia ya sheria lina uzito sawa. Walipima damu ya nyumbu wa Serengeti. Wahifadhi walijua kwamba kila mwaka ndama wa nyumbu hufa kwa wingi wakiwa na miezi saba hivi, na wafugaji nao walilijua. Ndama wa nyumbu hupata kingamwili kutoka kwenye maziwa ya mwanzo ya mama yake. Kingamwili hizo huisha taratibu, na zinapokwisha ndama yuko wazi kwa kirusi chochote kinachozunguka. Wanaokufa wanakufa, wanaopona hawaugui tena. Ikiwa nyumbu ndio ghala la sotoka, basi hata ng'ombe wa jirani wakichanjwa wote, ndama wangeendelea kufa. Ng'ombe walichanjwa. Kufikia mwaka 1963 hivi, vifo vya ndama vilikoma, na nyumbu waliozaliwa baada ya hapo hawakuwa na kingamwili yoyote. Ugonjwa ulikuwa wa ng'ombe tangu mwanzo. Nyumbu alikuwa mpokeaji tu.

Katika uwanda ule ule kuna ugonjwa unaokwenda upande wa pili. Nyumbu akizaa, huwaachia ng'ombe homa inayoua, na Plowright ndiye aliyethibitisha mwaka 1960 kwamba kirusi chake hutoka kwa nyumbu asiyeugua. Wamaasai hawakusubiri uthibitisho. Wao huhamisha ng'ombe mbali na uwanda wakati nyumbu wanazaa, na kwa kufanya hivyo wanaacha majani mazuri kuliko yote. Mtu anayejua kutofautisha magonjwa haya mawili, hili la ng'ombe na lile la nyumbu, alikuwa anajua jambo ambalo vitabu vya sheria havikuwa nalo.

Mpango wa pamoja wa nchi za Afrika wa kuchanja ng'ombe, uliojulikana kama JP15, ulianza mwaka 1962 upande wa Ziwa Chad, ukafika kwetu baadaye katika muongo huo, na ukafungwa mwaka 1976. Nyumbu wa Serengeti walikuwa kama robo milioni mwaka 1961. Mwaka 1977 walikuwa takriban 1,300,000. Nyati nao waliongezeka. Majani yaliliwa, moto wa nyika ukapungua kwa kukosa cha kuunguza, na miti ikaanza kurudi. Wageni wanaolipa fedha nyingi kuona msafara wa nyumbu wakivuka mto Mara wanaona kazi ya sindano iliyopigwa kwa ng'ombe wa Mmaasai, Msukuma na Mkuria.

Kisha watu wakalegea. Bajeti zilikatwa, magari yakaharibika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sotoka ikarudi. Nigeria ilipoteza ng'ombe wengi mno mwaka 1983, na Serengeti nyati walionekana wagonjwa mwaka 1982. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango mpya wa bara zima.

Mtihani mkubwa wa nani ana mamlaka ulikuja Tsavo mwaka 1994. Tandala wadogo walionekana wakigonga miti kwa upofu, macho yamefunikwa na utando mweupe. Nyati na pofu wakafuata. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilikuwa na kitengo chake cha madaktari, wakiongozwa na Richard Kock, lakini ugonjwa wenyewe kisheria ulikuwa mali ya idara ya mifugo, iliyoko wizara nyingine. Kwenye ng'ombe hapakuwa na taarifa yoyote. Kuitangaza sotoka kungefunga biashara ya mifugo ya nchi nzima, na ushahidi pekee ulikuwa wa wanyama ambao idara hiyo haikuwa na mamlaka nao. Ilibidi nyati wadungwe dawa ya usingizi kutoka angani, machozi yao yafutwe kwa pamba na damu yao ichukuliwe. Maabara ilipojibu, jibu lilishangaza: kirusi hicho kilikuwa cha ukoo ambao mara ya mwisho ulionekana kwa twiga wa Kenya mwaka 1962. Kwa zaidi ya miaka thelathini kilikuwa kimejificha ndani ya ng'ombe, pengine upande wa mpaka wa Kenya na Somalia, kikiwaumiza kidogo tu kiasi kwamba mwenye ng'ombe aliona ni homa ya kupita. Kwa nyati na tandala hakikuwa cha kupita. Tandala walikaribia kwisha katika sehemu za Tsavo. Mwaka 1996 kilifika Hifadhi ya Nairobi, na mwaka 1997 kikavuka kwa ng'ombe wa kaskazini mwa Tanzania.

Hapo nyati alibadilika cheo. Kwa karne nzima alikuwa mshtakiwa. Sasa akawa shahidi, tena shahidi pekee, kwa kuwa yeye hachanjwi. Ukipima damu ya ng'ombe ukakuta kingamwili, hujui kama ni ya ugonjwa au ya sindano. Ukiikuta kwa nyati mdogo, kirusi kimepita hapo.

Na nani angepeleka chanjo huko kilikojificha? Chanjo ya Plowright ilihitaji barafu mpaka mwisho wa safari, na Karamoja, Afar, Sudan Kusini na mpakani mwa Somalia hakukuwa na barafu wala daktari. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mmarekani Jeffrey Mariner alikuwa amebadili namna ya kuikausha chanjo hiyo hiyo, ikaweza kukaa wiki kadhaa bila jokofu. Mtu aliweza kuibeba begani. Wakafundishwa wafugaji wenyewe, vijana waliochaguliwa na wazee wao, namna ya kuchanganya dozi, kudunga na kukata sikio la ng'ombe alama ili asichanjwe mara mbili. Walifika ambako gari la serikali halikuwahi kufika, Sudan Kusini wakipita katikati ya vita.

Kisheria wengi wao walikuwa wavunjaji wa sheria. Sheria za taaluma katika nchi kadhaa zilimruhusu daktari aliyesajiliwa peke yake kudunga, na mabaraza ya madaktari, Kenya hasa, hayakupenda kuona sindano mikononi mwa mtu asiye na cheti. Ubishi ulikuwa mkali na haukuwa wa kijinga. Chanjo mbaya na dawa za kubahatisha zimeua mifugo mingi. Lakini ng'ombe wa Afar walichanjwa na Waafar, na mwaka 1995 sotoka ikaonekana Ethiopia kwa mara ya mwisho.

Mara ya mwisho duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya. Ili nchi ithibitishwe kuwa huru ilibidi kwanza iache kuchanja, jambo la kutisha kwa aliyetumia maisha yake kuchanja, kisha ipime mifugo na wanyamapori wasiochanjwa miaka mfululizo. Tarehe 25 Mei 2011 shirika lile la Paris lilipitisha azimio kwamba sotoka imekwisha, na mwezi uliofuata FAO ikatangaza hivyo Roma. Ni ugonjwa wa pili kufutwa duniani baada ya ndui. Azimio hilo lilikuwa na amri yake: vichupa vya kirusi vilivyobaki kwenye majokofu ya maabara viteketezwe au vihamishiwe kwenye vituo vichache vilivyoidhinishwa, na asiwepo wa kukifanyia utafiti bila kibali. Mwaka 2019 maabara ya Pirbright nchini Uingereza, iliyokuwa na akiba kubwa kuliko zote, iliteketeza vya kwake. Kituo cha chanjo cha Umoja wa Afrika kilichoko Bishoftu, Ethiopia, ni miongoni mwa vilivyokabidhiwa akiba.

Sheria zetu za sasa bado ziko mbili mbili. Tanzania ina Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 upande mmoja na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 upande wa pili, kila moja na wizara yake, ofisa wake na gari lake. Mwaka 1994, mwaka ule ule wa Tsavo, homa ya mbwa iliua simba wa Serengeti wapatao elfu moja, theluthi moja ya wote. Simba hawakuchanjwa. Walichanjwa mbwa wa vijijini kando ya hifadhi, na mbwa ana mwenyewe, anaitwa kwa jina na anakuja na kamba shingoni.

Kwa sasa anayetembea ni ndugu mdogo wa kirusi kile, sotoka ya mbuzi na kondoo. Iliingia Turkana mwaka 2006 na kaskazini mwa Tanzania mwaka 2008. Kuanzia mwisho wa 2016 iliua maelfu ya swala aina ya saiga huko Mongolia, wanyama ambao tayari walikuwa wachache, na walioambukiza ni mbuzi. Mkutano wa Abidjan wa mwaka 2015 uliweka lengo la kuifuta ifikapo mwaka 2030. Damu ya wanyama wa Serengeti na Ngorongoro imeshapimwa, na kingamwili zake zimeonekana kwa baadhi yao bila mizoga kuonekana. Chanjo ipo, inadumu kwa mbuzi kwa miaka. Tatizo ni kwamba mbuzi huzaa haraka, na kila msimu wa mvua kuna kundi jipya ambalo bado halijachanjwa.